Nyuki wa uani waliokuwa watulivu kiangazi chote sasa wamegeuka wakali: je, mzinga unaweza kukaa salama katikati ya majirani?

Mkazi wa Chuno (#1)
Salaam kwenu nyote. Ninaishi Chuno, Mtwara mjini, kwenye kiwanja cha kawaida chenye nyumba, banda la kuku, minazi michache, mwembe mmoja mkubwa na bustani ndogo ya mchicha na bamia. Nyuma ya nyumba, chini ya huo mwembe, nimeweka mzinga mmoja wa kisasa wa viunzi vya juu (vipande vya mbao ambavyo nyuki huning'iniza sega zao), na nyuki waliuingia wenyewe mara tu mvua zilipokatika. Kiangazi chote walikuwa watulivu kiasi kwamba mke wangu alimwagilia mchicha hatua chache kutoka mlango wa mzinga bila kuguswa. Tangu Oktoba hii ianze, mambo yamegeuka. Nyuki wanamfuata mtu mpaka barazani, wamewauma watoto wa jirani, na juma lililopita walimvamia mbuzi aliyekuwa amefungwa kamba upande wa pili wa ua, akaponea chupuchupu. Mwenyekiti wa mtaa ameniita na kuniambia kwa upole kwamba mzinga uondoke kabla mwezi haujaisha. Naomba wenye uzoefu wanisaidie katika mambo mawili: ni nini kilichowabadilisha nyuki hawa, na je, kuna namna ya kuwafuga kwa usalama katika kiwanja kama changu, au nikubali tu kwamba haiwezekani?

Mrina Asali (#2)
Pole, ndugu. Kwa maoni yangu hakuna kilichowabadilisha, ila wale uliowazoea hawapo tena. Nyuki kibarua, yaani mfanyakazi wa mzinga, katika msimu wa kazi huishi takriban wiki sita, hivyo nyuki walioingia mvua zilipokatika wamekwisha kufa wote na unaoishi nao leo ni vizazi vilivyofuata. Kundi likiingia kwenye mzinga mtupu huwa dogo, halina asali wala watoto wa kulinda, kwa hiyo halina sababu ya kugombana na mtu. Malkia akishatulia anaweza kutaga zaidi ya mayai elfu moja kwa siku, na kila yai la kibarua hutoa nyuki kamili baada ya takriban wiki tatu. Sasa una mzinga uliojaa, una asali, na una walinzi wengi mlangoni. Jambo la pili la kuchunguza ni kama malkia mwenyewe amebadilishwa. Malkia mpya hupandwa angani na madume wengi kutoka makundi usiyoyajua, na mabinti zake huweza kuwa na hasira tofauti kabisa na za mama yao mkubwa.

Mama Korosho (#3)
Mimi niko Tandahimba na nina shaka na maelezo ya #2, kwa sababu mizinga yetu imejaa mwaka mzima na haina ukali wa namna hiyo. Tazameni kalenda. Tangu Juni watu wanapuliza salfa kwenye mikorosho, na hewa yote ya huku kwetu inanuka. Nyuki hawa wa Chuno wanaruka hadi mashamba ya pembezoni mwa mji, wanarudi na vumbi la dawa, na kiumbe aliyelishwa sumu hawezi kuwa mpole.

Bwana Shamba (#4)
Dada Mama Korosho, naomba nisahihishe kidogo. Salfa hupulizwa kuzuia ubwiriunga, ambao ni ukungu, na kwa kawaida kazi hiyo hufanywa alfajiri upepo ukiwa umetulia na umande ungalipo, wakati nyuki wengi hawajatoka. Madhara yake kwa nyuki si makubwa. Kinachowaua ni viuatilifu vya wadudu, hasa vile vinavyopulizwa dhidi ya mbu wa mikorosho (mdudu anayefyonza machipukizi, si mbu wa kawaida), na hapo dalili yake si hasira bali vifo. Utakuta rundo la nyuki waliokufa mbele ya mlango, wengi wakiwa wamechomoza ulimi. Mkazi wa Chuno hajataja rundo lolote.

Mimi naona ni njaa. Mikorosho huchanua zaidi kati ya Julai na Septemba, na miembe huchanua katika majira hayohayo ya kiangazi. Maua yakipukutika, chakula kinapungua ghafla huku mzinga ukiwa na watu wengi kuliko wakati wowote. Katika kipindi hicho makundi huibiana asali, walinzi huongezeka mlangoni, na kila anayekaribia huonekana mwizi. Mvua za Novemba au Desemba zikianza na magugu yakichanua, watatulia wenyewe.

Seremala wa Lindi (#5)
Kabla hatujafika kwenye njaa na malkia, naomba kujua viunzi vina upana gani. Mimi natengeneza mizinga hapa Lindi mjini, na matatizo mengi ninayoletewa yanaanzia kwenye kipimo. Kwa nyuki wetu kiunzi kinapaswa kuwa na upana wa milimita 32. Kikiwa kipana mno, au vikiwa vinatofautiana, nyuki hawafuati mstari, bali hujenga sega moja likishika viunzi viwili au vitatu. Siku unayoinua kiunzi kukagua, sega linachanika, asali inamwagikia watoto wa nyuki, na nyuki wachache wanabanwa na kufa. Nyuki aliyebanwa hutoa harufu ya kuwaita wenzake vitani, inayofanana na harufu ya ndizi mbivu. Kundi likishachokozwa hivyo, linaweza kubaki na hasira kwa siku kadhaa.

Mkazi wa Chuno (#6)
Ahsanteni. Nyuki waliokufa mlangoni ni wa kuhesabu, hakuna rundo. Baada ya kusoma #5 nimepima viunzi vya akiba ambavyo fundi aliniuzia pamoja na mzinga: vingine vina milimita 32, vingine vinakaribia 40. Sega zimeshikana kweli. Hata hivyo nilikagua mara ya mwisho mwanzoni mwa Septemba, na hasira zimeanza Oktoba, kwa hiyo sijui kama hesabu hiyo inakubali.

Mtani wa Newala (#7)
Wataalamu mmesahau jambo moja. Oktoba ndiyo mabibo yanaanza kuanguka na watu wanaanza kukamua. Nyuki hawa hawana njaa wala dawa, wametoka kunywa uraka, pombe ya mabibo hayo, na sasa wanarudi nyumbani wakitafuta ugomvi kama wajomba zetu.

Bwana Shamba (#8)
Mtani, ni kweli kwamba nyuki hufyonza maji ya matunda yaliyopasuka, na wagema wa tembo la mnazi wanajua ni wangapi huzama katika vibuyu vyao. Lakini mlevi wa nyuki huanguka njiani au hukataliwa mlangoni na walinzi. Hafiki nyumbani kupiga watu.

Jirani wa Upande wa Pili (#9)
Mimi si jirani wa mwenye uzi, ila nimewahi kuwa jirani wa mfugaji mwingine hapa Mtwara, na ningependa upande wetu usikike. Mzinga uko chini ya mwembe. Oktoba embe zinaanza kukomaa. Watoto wa mtaa mzima wanatupa mawe na fimbo juu ya mwembe huo tangu watokapo shule mpaka magharibi, na embe zisizookotwa zinaanguka juu ya bati la mzinga usiku kucha. Ninyi mnajadili malkia na salfa wakati nyumba ya nyuki inapigwa mawe kila siku. Mfugaji wa kwetu hakutuambia kwamba ameweka mzinga, tulijua siku alipokuja kurina. Alifungua saa kumi alasiri, nguo zikiwa zimeanikwa na watoto wakicheza rede, akiwa yeye peke yake amevaa vazi la kinga. Tulijifungia ndani hadi usiku. Ukali wa nyuki naweza kuusamehe, lakini si kufanywa mfugaji bila kuulizwa.

Mrina Asali (#10)
Jirani #9 amesema kweli kuhusu kurina. Nyuki hawa wasifunguliwe mchana katika eneo la makazi. Mimi huanza jua likizama, nikiwa nimewaarifu majirani asubuhi, na ninawaomba wazime taa za nje kwa muda, kwa sababu nyuki waliosumbuliwa gizani hufuata mwanga, na taa ya baraza ya jirani inaweza kuwavuta kutoka mbali. Usiku nyuki hawaruki sana, bali hutambaa, kwa hiyo suruali iingizwe ndani ya gambuti. Moshi uwe mwingi na wa baridi. Makumbi makavu ya nazi yanatosha, lakini moto usiwake ndani ya bomba la moshi, kwa maana cheche zikiingia umeharibu kila kitu. Mpulizie moshi mlangoni, subiri kidogo, halafu ndipo ufungue. Moshi unafunika ile harufu ya ndizi aliyoitaja Seremala, na nyuki wanaingia kushiba asali kana kwamba wanajiandaa kuhama.

Babu wa Mikindani (#11)
Wajukuu, sijafuga mizinga ya masanduku, mimi ni wa magogo, lakini hakuna aliyetaja upepo. Kusi limevuma miezi yote hiyo ambayo nyuki walikuwa watulivu. Sasa tupo katika tanga mbili, upepo unageuka geuka, na baada ya hapo litaingia kaskazi. Harufu za banda la kuku, moshi wa jiko la jirani na jasho la mbuzi, ambavyo vilikuwa vinapelekwa upande mwingine, sasa vinaingia moja kwa moja kwenye mlango wa mzinga. Wazee wetu walipotundika gogo waliangalia kwanza upepo wa msimu unaokuja, siyo wa siku hiyo.

Seremala wa Lindi (#12)
Shikamoo Babu. Hoja yako sijawahi kuisikia mafunzoni, lakini haipingani na tunachokijua, kwa kuwa nyuki huchukia harufu ya jasho la wanyama. Ila joto nalo lihesabiwe. Oktoba na Novemba mzinga wa bati lisilo na kivuli cha kutosha unakuwa tanuri, nyuki wanatoka nje kujishikiza kama ndevu chini ya mlango, na aliye nje yuko tayari kwa vita kuliko aliye ndani.

Nesi Mstaafu (#13)
Naomba tuzungumzie kidogo watoto walioumwa, kwa maana sababu mnaweza kubishana hata mwaka. Mwiba wa nyuki hubaki kwenye ngozi pamoja na kifuko cha sumu, na ukiutazama kwa karibu utaona kifuko hicho kikiendelea kuminya chenyewe hata baada ya nyuki kuondoka. Wengi wamefundishwa kwamba ni lazima ukwanguliwe kwa ukucha au kisu na kamwe usibanwe kwa vidole. La muhimu zaidi ni haraka. Utoe kwa njia yoyote iliyo karibu, usipoteze muda kutafuta kisu. Mwondoe mtoto mahali hapo kwanza, kwa sababu harufu ya mwiba inawaita wengine, na nguo alizoumwa nazo zivuliwe na kufuliwa. Mafuta ya taa hayasaidii kitu. Maji baridi au barafu hupunguza uvimbe.

Uvimbe wa mahali palipoumwa, hata ukiwa mkubwa, si jambo la kutisha. Hatari ni vipele vya kuwasha mwili mzima, midomo au ulimi kuvimba, kupumua kwa shida, kutapika au kizunguzungu, hata kama mtu ameumwa na nyuki mmoja tu. Huyo hahitaji mashauriano ya barazani. Apelekwe hospitali papo hapo, akachomwe adrenalini. Aliyeumwa na nyuki wengi kwa mpigo naye apelekwe hata kama anajisikia vizuri, kwa kuwa sumu nyingi inaweza kudhuru figo baadaye. Mwenye mzinga anapaswa kujua kama kuna jirani mwenye historia hiyo, na akiwepo, kwangu mimi mjadala wa mzinga kubaki umeishia hapo.

Mkazi wa Chuno (#14)
Nashukuru sana, mama. Watoto walivimba tu na sasa wako salama. Mbuzi pia. Kuhusu #9, ni kweli watoto hupopoa embe, na bati la mzinga lina alama za mawe ambazo sikuwa nimezitilia maanani.

Mama Korosho (#15)
Mbuzi huyo alikuwa na bahati. Mnyama aliyefungwa kamba hawezi kukimbia, na kadiri anavyorukaruka ndivyo wanavyozidi kumjia. Kwetu hakuna anayefunga mbuzi wala mbwa karibu na manzuki, yaani mahali palipowekwa mizinga, na kuku huwekwa mbali pia. Nakubali alichosema Bwana Shamba kuhusu salfa, ila bado nasisitiza kwamba dawa nyingine zinapulizwa mchana bila utaratibu, na nyuki wanaokufa shambani hatuwaoni mlangoni.

Bwana Shamba (#16)
Hilo la mwisho nalikubali. Sasa nirudi kwenye swali la pili la mwenye uzi, ambalo tumelipita. Umbali ndio msingi. Afisa aliyetufundisha alitushauri tusiweke mizinga ya nyuki hawa ndani ya mita mia tatu kutoka makazi, barabara na mabanda ya mifugo. Kiwanja cha mjini hakiwezi kutoa hata sehemu ya umbali huo. Nyuki wa Ulaya wanaofugwa kwenye bustani na juu ya mapaa huko London si hawa wetu, hivyo picha za mtandaoni za mtu anayekagua mzinga bila glovu zisimdanganye mtu.

Mrina Asali (#17)
Naheshimu mita mia tatu, lakini najua wafugaji wanaokaa karibu zaidi kwa miaka bila madhara, kwa sababu walipanga mambo. Weka ua mrefu kuliko mtu, wa makuti au wa michongoma, mbele ya mlango wa mzinga, ili nyuki akitoka alazimike kupanda juu kabla ya kusafiri, na akifika kwa jirani awe amepita juu ya vichwa. Mlango usielekee njia wala uwanja wa kuchezea. Weka beseni la maji lenye vijiti au mawe ya kutua, na lisikauke hata siku moja, maana nyuki wakishazoea bomba la jirani au ndoo zake za maji hutawarudisha tena, na katika mji ambao maji yana zamu huo ni ugomvi wa kweli. Miguu ya kichanja isimame kwenye makopo ya oili chafu, kwa sababu kundi lililoshambuliwa na siafu usiku huamka asubuhi likiwa halitaki kuona mtu. Usiache kundi lijae kupita kiasi, na usiwe na mzinga zaidi ya mmoja.

Jirani wa Upande wa Pili (#18)
Yote hayo mazuri, ndugu #17, lakini ua ule unazuia nyuki anayekwenda kazini. Nyuki anayekwenda vitani hauoni.

Mrina Asali (#19)
Hapo sina jibu.

Binti Masasi (#20)
Kwa nini hakuna aliyetaja nyuki wadogo wasiouma? Shangazi yangu hapa Masasi anao kwenye vigogo vilivyotundikwa chini ya upenu wa jiko, na wajukuu wanacheza chini yake. Mlango wao ni kijibomba cha nta kilichochomoza, chembamba kiasi cha kuingia nyuki wawili watatu tu, na ukikaa karibu unawaona walinzi wamejipanga kwenye ukingo wake wakitazama nje. Asali hawaiweki kwenye masega kama ya nyuki wakubwa, bali katika vyungu vidogo vya nta vilivyoshikana, na inafyonzwa kwa bomba la sindano bila kuvunja chumba cha watoto. Ni nyepesi, ina uchachu kidogo, na bei yake kwa lita ni kubwa kuliko ya asali ya kawaida.

Mtani wa Newala (#21)
Hawaumi, lakini uliwahi kuwachokoza? Wanaingia kwenye nywele, masikioni na kwenye nyusi, na wanang'ata. Nilikimbia kama niliyeona nyegere.

Binti Masasi (#22)
Kaka, kung'atwa nyusi hakumpeleki mtu hospitali. Kasoro ya kweli ni kwamba asali yao ni kidogo mno. Anayetafuta ndoo asiende huko, anayetafuta chupa na amani na majirani aende.

Mkazi wa Chuno (#23)
Narudi na taarifa. Baada ya kuzungumza na mwenyekiti na jirani, tumeuhamishia mzinga shambani kwa shemeji upande wa Naliendele. Tuliziba mlango usiku kwa wavu wa waya ili hewa ipite, tukaufunga kamba, tukaupakia kwenye bajaji ya mizigo sega zikielekea urefu wa gari zisiyumbe. Asubuhi nyuki wachache waliolala nje walikuwa wanazunguka mahali palipokuwa na mzinga, wakapotea baadaye. Jambo la ajabu ni kwamba juzi jioni niliufungua kule shambani, nikarekebisha viunzi na kukata sega zilizoshikana, na walikuwa wapole kama wa mwanzo. Hakuna aliyenifuata.

Jirani wa Upande wa Pili (#24)
Kule hakuna mwembe wenye watoto.

Babu wa Mikindani (#25)
Wala banda la mbuzi upande upepo unakotoka.

Seremala wa Lindi (#26)
Na sasa viunzi vinalingana. Naomba vile vipana vitupwe, visirudi kwenye mzinga mwingine.

Bwana Shamba (#27)
Shambani pia kuna chakula ambacho Chuno hakikuwepo. Subiri mwezi mmoja kabla hujaamini upole huo.

Mrina Asali (#28)
Mkazi wa Chuno, ulipokata sega uliona vyumba vya malkia pembeni, virefu, vinavyoning'inia kama karanga? Kama viko na vimefunguka kwa chini, malkia mpya ametoka, na tutajua tabia ya mabinti zake baada ya wiki kadhaa. Kama havipo, hoja yangu ya malkia naiondoa, ila ile ya wingi inabaki. Na mwambie shemeji aweke maji karibu na mzinga tangu sasa, kabla hawajakijua kisima chake.